Marehemu wa Faili la Fidia

Tarehe 9 Februari

Dada mkubwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, wewe na cherehani yako. Mpe shangazi shikamoo yake pia, umwambie kikohozi kilishapona na kwamba bado sijajifunza kula taratibu. Mimi nipo, nasukuma siku. Tanuri la mikate ni lile lile. Tajiri amenipa kitanda stoo, kwa hiyo nalala na magunia ya unga, na kila asubuhi naamka na mvi nisizozistahili.

Najua nimekaa kimya. Tangu mama atutoke sijaandika, na hilo nitakueleza uso kwa uso, si jambo la karatasi. Posta ya huku nayo ni ya kulaumiwa, maana miaka miwili hii sijapata barua yako hata moja. Labda zinaishia njiani.

Lakini habari zina miguu. Msafiri mmoja aliyekuja kununua mkate alisema huko kwetu inajengwa barabara kuu na watu wanahamishwa. Ni kweli? Na kwa nini wameamua ipite jikoni kwa mama, wakati kule nyuma kuna uwanja mtupu?

Nafikiria kuja mwezi wa nne. Nataka kusimama kwenye kaburi la mama kabla hawajaligusa. Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Kijiti

*

Tarehe 2 Machi

Kijiti,

Marahaba. Huku sote wazima. Miguu ya shangazi inamkataa asubuhi na kumkubali jioni. Mimi nashona sare za shule mpaka vidole vinakuwa na rangi ya kitambaa. Salamu zako kwa shangazi sijazifikisha. Usiniulize kwa nini.

Barabara ni kweli, na umechelewa. Tulishahama. Walituita mkutanoni, bwana mmoja wa ardhi akatusomea sheria kwa kipaza sauti. Nikikukatia kishonaji: ardhi ikihitajika kwa manufaa ya umma inachukuliwa, upende usipende. Unachodai wewe ni kupewa taarifa, kufanyiwa tathmini ya haki, kulipwa kabla ya kuondolewa na kuonyeshwa pa kwenda. Jirani mmoja akauliza, kama hayo ni manufaa ya umma, sisi tunaohamishwa ni nani? Watu wakacheka, yule bwana akanywa maji.

Tumepewa nyumba za safu moja, bati jekundu, vyumba viwili. Mlango wangu ukifunguka sana unagonga wa jirani, basi tumezoea kubisha kabla ya kutoka. Nina ufunguo na karatasi ya muda. Hati yenyewe tutapewa baada ya siku ya kusikiliza pingamizi. Kaburi la mama limeshahamishiwa makaburi mapya, na lilihamishwa kwa heshima.

Sasa wewe. Barua zangu hazikukufikia, sawa. Ila shangazi alihamia kwangu baada ya mama kuzikwa, nawe unamsalimia kana kwamba ulimwona jana uani. Na huyo msafiri wako mnunua mkate, aliwezaje kujua habari za jiko la mama? Njia ya mwongo fupi, mdogo wangu. Sitasema zaidi, maana kwa sasa sina uso wa kumkemea mwongo yeyote.

Usije mwezi wa nne. Na ile namba ya simu ya dukani niliyokuandikia kwenye barua ambazo hazikufika, usiipige. Andika tu.

Dada yako

*

Tarehe 21 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima. Mwenzangu wa tanurini ameoa, tumekula mikate ya bure siku nzima kama harusi ya panya.

Nilipiga. Unanijua, ukiniambia usiguse ndiyo mkono unawasha. Mwenye duka akapokea vizuri, akauliza nani mwenzangu. Nikasema mimi Kijiti, mdogo wake mshonaji, naomba niitiwe dada. Nikasikia anamwambia mtu, “Hebu shika hii.” Huyo mwingine akauliza jina, nikarudia. Akasema, “Ndugu, tafadhali, usichezee watu waliofiwa,” akakata.

Waliofiwa na nani? Kama ni shangazi, sema. Nimekaa siku kadhaa naunguza mikate. Tajiri ananiangalia tu.

Nimekosa mimi, sawa, barua zilifika. Sasa na wewe niambie lililopo.

Kijiti

*

Tarehe 16 Aprili

Mdogo wangu,

Shangazi mzima. Mimi mzima. Mvua imeanza, na bati jipya lina kelele mpaka tunaongea kwa mikono. Barua hii nimeianza mara kadhaa, na kila mara nikajikumbusha kuwa nina kitambaa cha mtu cha kukata.

Basi sikia. Marehemu ni wewe.

Usikasirike kabla hujamaliza. Mara mbili nilikuandikia nikikuomba sahihi, ya kwanza kwa upole, ya pili kwa herufi kubwa. Mama hakuacha wosia. Kiwanja ni chetu wawili, na karani wa ardhi aliyekuja nyumbani alitaka wote wawili tusaini. Nilipomwambia mdogo wangu yuko mbali na hajibu, akasema, “Mama, bila yeye faili halisogei. Fidia itahifadhiwa mpaka apatikane, na nyumba mpya hampangiwi.”

Nikamuuliza, “Na tingatinga nalo litahifadhiwa?”

Akasema, “Tingatinga liko idara nyingine.”

Shangazi alikuwa ndani, amelala. Niliwaza nitamlaza wapi mtu asiyeweza kutembea mbali. Karani hakuwa na nia mbaya, kijana wa watu, kalamu mkononi. Akasema, “Labda angekuwa marehemu. Marehemu hasaini.” Akaniangalia. “Ni marehemu?” Kijiti, sikusema ndiyo. Niliinamisha kichwa tu. Akanipa pole, akaandika.

Nilidhani yameisha. Kumbe mthamini alikuwa anazunguka uani akiorodhesha kila kilichosimama na kilicholala, ukuta, choo, miti, kaburi la mama. Akafika kwenye lile tuta la pembeni, lenye mawe uliyoyapanga kwa mikono yako. Akauliza, “Na hili?” Karani ndiye aliyenijibia: “Si ndiye huyo ndugu yake?” Na mimi niliyekubeba mgongoni nikasema, “Ndiye.”

Unajua aliye pale. Bosi. Mbwa wako.

Nani angenisuta? Waliokujua wameshahama wote, mtaa wetu ulijaa wapangaji wa kiwanda cha matofali, na mwenye duka mwenyewe ni wa juzi. Jiwe likapigwa namba ya rangi nyekundu. Shangazi akaiona, akauliza. Nikamwambia ulifariki siku chache kabla ya mama, nikakuleta nikakuzika, nikamficha kwa kuwa yeye alikuwa hoi kwake na nilichelea habari ingemmaliza. Unajua alisema nini? Alilia kwanza. Kisha akasema, “Afadhali. Miaka miwili namlaani mtoto wa watu kwa kutokuja kumzika mama yake, kumbe hakuwa na namna.” Tangu siku hiyo anakuombea kila asubuhi, na anakula nusu ya alichokuwa akila.

Sikujua sheria ya makaburi. Yanahamishwa kwa gharama ya serikali, mbele ya ndugu, na mtu wa dini yupo. Siku hiyo tulimtoa mama kwanza. Majirani walikuja wengi, watu wema, wengine hawajui hata jina langu. Kisha wakaja kwako. Bwana afya alisimama mbali na kitambaa puani. Mchimbaji aliinua kitu, akakitazama, akanitazama mimi. Nilitaka ardhi ile inayochukuliwa inichukue na mimi. Alifunika haraka kwa kitambaa cheupe, akaweka sandukuni mwenyewe, akaniambia, “Mama, sogea kivulini.” Wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mimi ananijua yule.

Shangazi aliomba asogezwe. Akaweka kiganja juu ya sanduku akakuita jina la utotoni. Watu walilia. Na mimi nililia, Kijiti, nao wakanishika mabega.

Sasa unajua kwa nini usije.

Dada yako

*

Tarehe 28 Mei

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, sikuwa mgonjwa.

Nilipofika kwa Bosi katika barua yako nilicheka mpaka mwenzangu akaja kuniangalia. Mbwa aliyekuwa anakimbia kuku, leo kasomewa sala na sanduku juu. Halafu nikafika pale pa kiganja cha shangazi, nikaikunja barua. Sikuifungua tena wiki nzima.

Sikuja kumzika mama kwa sababu nilikuwa nimefukuzwa kazi. Nilikuwa nalala nyuma ya duka la watu, viatu vyangu vimefunguka mbele kama mdomo wa samaki. Mtu akitoka mbali anatazamwa mikono kabla ya uso, nami mikono ilikuwa mitupu. Nikasema nitakwenda wiki ijayo, nikipata chochote. Wiki ijayo ikawa mwezi. Baadaye tajiri akanirudisha tanurini, lakini baada ya hapo ningeingia kwa mlango gani? Barua zako za sahihi nilizipokea, nikazisoma, nikaziweka chini ya godoro. Ningesaini ungejua nipo, na ungeniuliza.

Kwa hiyo nasema hivi, na usinifokee. Niache nilivyo. Uongo wako umenipa udhuru ambao mimi nisingeweza kuutunga. Marehemu haulizwi alikuwa wapi. Shangazi amenisamehe, wewe una nyumba, mimi nina tanuri. Nani ameumia?

Mdogo wako

*

Tarehe 12 Juni

Kijiti,

Nani ameumia! Umejilaza kwenye kaburi nililokuchimbia kwa aibu yangu, ukaona godoro lake ni zuri. Hapana. Mimi silali. Wateja wananiletea nguo na kuniambia “pole, mama,” nami napokea pole na kitambaa kwa mkono mmoja. Mwanamke wa mlango wa tatu, mjane, huenda makaburini kufagia kwa mumewe, na akimaliza anafagia na kwako. Ananiambia, “Nimekusafishia na pa ndugu yako.” Nifanye nini na wema wa namna hiyo? Nimeanza kupita njia ya nyuma nisikutane naye.

Nimemwambia shangazi. Nilikuwa namkanda miguu, nikaona nisipomwambia wakati huo sitamwambia tena. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, “Yule niliyemshika sandukuni ni nani?”

Nikasema, “Bosi.”

“Bosi gani?”

“Mbwa, shangazi.”

Aligeukia ukutani. Hakuongea nami mchana wote, na nilistahili. Jioni akaniita, akasema nimtolee gauni lake la bluu nilipige pasi, maana kama mtoto yu hai na anakuja, asimkute hivi. Hakuuliza kitu kuhusu maziko ya mama. Hata kimoja.

Kisha nikaenda ofisi ya ardhi. Karani ni yule yule. Nilimweleza, akaweka kalamu chini, masikio yakamwiva. Akasema mambo yameshapita ngazi yake, nikaseme mbele ya kamati siku ya pingamizi, tarehe 18 Julai, kwenye ukumbi wa makazi mapya. Usimame wewe mwenyewe na kitambulisho chako. Ukisimama, faili litaandikwa upya kwa majina mawili. Mimi naweza kupewa onyo, naweza kunyang'anywa ufunguo, hawajui, sheria inawaruhusu yote mawili. Usiposimama, maneno yangu ya kwanza yanabaki.

Nimekubali. Nitasema mbele ya watu wale wale waliokulilia. Ninachokuomba ni kimoja: njoo. Njoo na viatu vilivyofunguka, njoo mikono mitupu. Asiyekuwepo na lake halipo, nami nimechoka kukusemea.

Dada yako

*

Tarehe 21 Julai

Kijiti,

Hukuja.

Nitakueleza ilivyokuwa, ili usije ukasema hukuambiwa. Ukumbi ulijaa. Shangazi alikaa mbele kwa gauni lake la bluu, karibu na mlango, apate upepo. Nilipoitwa nilisema yote, karani, tuta, mbwa. Niliposema mbwa, kuna mtu alicheka, kisha hakuna aliyecheka. Yule mjane wa mlango wa tatu aliangalia mikono yake. Mwenye duka akaruka juu, “Si niliwaambia nilimsikia!” Akaambiwa akae.

Mwenyekiti wa kamati, mzee mpole, akauliza, “Na huyo ndugu yako yuko wapi?” Nikasema yuko njiani. Wakanisubiri. Walisikiliza watu wengine, wakanirudia, nikasema yuko njiani.

Hapo ndipo shangazi aliponyoosha kidole nje, ng'ambo ya barabara, akasema kwa sauti, “Yule pale! Yule pale, mbona hamumwiti?” Ukumbi mzima uligeuka. Lilikuwa linapita lori la mchanga. Lilipomaliza kupita hapakuwa na mtu. Mwenyekiti akasema bibi apewe maji.

Unajua walichoamua? Kwamba mimi nina majonzi. Kwamba msiba humfanya mtu aone na aseme mengi, hata kudai mzigo alioushika shangazi yake ni mbwa. Faili limebaki lilivyo. Mwenyekiti alinishika mkono kunipa hati, akaniambia nipumzike. Nilikwenda kuvuliwa nguo mbele ya watu, nikarudishwa nimefunikwa shuka. Majirani sasa wananisalimia kwa sauti ya chini, kama mgonjwa. Nilisema kweli mara moja tu katika jambo hili, nayo ndiyo hawakuiamini.

Shangazi hajavua lile gauni. Anasema macho yake bado yanaona.

Sina salamu.

*

Tarehe 9 Agosti

Dada,

Macho yake yanaona.

Siku ya pingamizi nilishuka kwenye basi asubuhi. Nilikuwa na shati jipya na mkate mkubwa niliouoka mwenyewe, nimeufunga kwa gazeti. Nikasimama kwenye kivuli cha ukuta ng'ambo ya barabara, nikasema nitaingia akimaliza huyu anayeongea. Nilikusikia. Kipaza sauti chenu kinafika mbali. Nilikusikia ukisema, “Mdogo wangu si mtu mbaya, ni mtu wa haya.” Kisha ukasema yuko njiani, na nilikuwa hatua chache tu kutoka kwako.

Nilivuka nusu. Nikamwona shangazi ameniona. Amezeeka, dada, hukuniambia amezeeka hivyo. Akanyoosha kidole, nikaona vichwa vyote vinaanza kugeuka, na nikajua swali la kwanza litakuwa nilikuwa wapi mama alipokuwa anazikwa. Lori likaja katikati. Sikupanga. Miguu ndiyo iliyopanga. Nilitembea na lile lori mpaka kona, nikapanda gari la kwanza lililosimama. Mkate nilimwachia mtu wa pembeni yangu, sikuweza kuula.

Umejivua nguo kwa ajili yangu, na mimi nilikuwepo, nikakuacha uonekane mwendawazimu. Sikuandikii uniombee msamaha kwa shangazi. Nakuandikia ujue hana kichaa. Umwambie hivyo tu.

Usinijibu kama hutaki.

*

Tarehe 30 Agosti

Kijiti,

Barua yako ilifika nikiwa na hasira ya kutosha kushonea nguo za mwaka. Nilikaa nikaandika kurasa mbili. Niliandika kwamba mara ya kwanza nilikuua kwa kuinamisha kichwa, nikaona aibu, na kwamba safari hii nakuua kwa kuinua kichwa na sioni kitu. Niliandika kwamba hati ninayo, faili linasema marehemu, nami nimekubaliana na faili. Nilikuwa natafuta bahasha.

Shangazi akauliza ni barua ya nani. Sikutaka uongo mwingine ndani ya nyumba hii, kuta zake ni nyembamba. Nikamsomea yako, yote, na pale pa lori. Nikamsomea na majibu yangu.

Alifumba macho, nikafikiri amesinzia. Kisha akasema, “Si niliwaambia alikuwa pale. Amenenepa.” Akacheka kidogo, akajifuta macho kwa upindo wa gauni. Akaniambia nizichane zile kurasa mbili. Nilikataa. Akaninyooshea mkono mpaka nikampa, akazichana mwenyewe, taratibu, vidole vyake vigumu unavijua.

Kwa hiyo haya si maneno yangu, mimi bado nina hasira na nitakuwa nayo ukinikuta. Ni ya shangazi, nayaandika alivyoyasema. Anasema hatakuuliza ulikuwa wapi. Anasema kamati, majirani na mwenye duka hawana haja ya kukuona. Nyumba yetu ni ya saba kutoka kisimani, mlango hatutafunga kwa komeo. Anasema kama unaona haya, njoo usiku. Hatutawasha taa.

Dada yako